Cheti cha Fundi Magari Kinapovuka Mpaka

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zitambuliane sifa za kitaaluma, lakini kwa fundi magari ugumu huanzia kwenye tarakimu ya cheti chake. Kwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, ngazi ya 3 ndiyo ya juu, ilhali katika majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani nchini Kenya, daraja la 3 ndilo la chini. Hivyo mwajiri wa Mombasa aweza kumdhania fundi hodari wa Tanga kuwa mwanagenzi. Aliyejifunzia gereji, anayeitambua beringi iliyokufa kwa mlio tu, hana hata cheti cha kusomwa vibaya. Kwake kuna urasimishaji ujuzi, yaani kupimwa kwa vitendo kile anachokijua tayari.