Jengo la Extelecoms, Zanzibar

Jengo la Extelecoms ni jengo la kihistoria katika mtaa wa Shangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, nchini Tanzania. Lilikuwa ofisi ya kampuni ya telegrafu wakati wa ukoloni wa Uingereza. Tangu miaka ya 1990 ni sehemu ya hoteli ya Zanzibar Serena.

Historia

Telegrafu ilifika Zanzibar mwaka 1879, wakati kampuni ya Kiingereza ya Eastern and South African Telegraph Company ilipolaza waya chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, kisha Msumbiji na Durban. Mwaka 1893 waya mwingine uliunganisha Zanzibar na Shelisheli na Morisi. Habari zilizokuwa zikisafiri wiki kadhaa kwa meli sasa zilifika London siku hiyohiyo.

Ujumbe ulilipiwa kwa idadi ya maneno. Kwa sababu hiyo wafanyabiashara walitumia vitabu vya misimbo, ambamo neno moja liliwakilisha sentensi nzima. Mnunuzi wa karafuu, zao lililotoka kwa wingi kisiwani Pemba, aliweza kujua bei ya Bombay au London kabla shehena yake haijaondoka bandarini.

Serikali nayo ilitegemea waya huo. Mnamo Agosti 1896, Seyyid Khalid bin Barghash alipotwaa kiti cha usultani, wawakilishi wa Uingereza mjini Zanzibar waliomba kwa telegrafu ruhusa ya London kutumia nguvu. Vita vilivyofuata tarehe 27 Agosti vilimalizika kwa muda usiofika saa moja.

Mwaka 1929 kampuni za telegrafu za Uingereza ziliunganishwa na zile za redio, na mwaka 1934 kampuni hiyo mpya ikaitwa Cable and Wireless. Jina Extelecoms lilikuja baadaye, kutokana na kampuni iliyosimamia mawasiliano ya nje ya Afrika Mashariki. Redio na setilaiti zilipochukua nafasi ya telegrafu, jengo lilipoteza kazi yake ya awali.

Kugeuzwa hoteli

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, na nyingi zilikosa matengenezo. Nyumba za mji huo kwa kawaida hujengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Paa likivuja, maji huozesha boriti na kulegeza chokaa, hadi dari na kuta huanguka. Mwaka 1985 serikali iliunda mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe.

Katika miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Maendeleo ya Kiuchumi ulikarabati Extelecoms pamoja na nyumba ya jirani, iliyokuwa makazi ya madaktari wa Kichina. Majengo hayo mawili yakawa hoteli moja.

Umuhimu

Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia. Extelecoms ni mfano wa njia moja ya kuhifadhi mji huo: kulipa jengo kazi mpya inayoingiza fedha za kulitunza. Hasara yake ni kwamba ndani ya hoteli huingia hasa wageni wanaolipa, wala si wakazi wa mtaa. Zahanati ya Kale, iliyoanzishwa na mfanyabiashara Tharia Topan mwaka 1887, ilifuata njia nyingine: ilikarabatiwa katika miaka hiyohiyo ya 1990 na kufanywa kituo cha utamaduni.

Hatari ya kuchelewa ilionekana tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Bait al-Ajaib, jumba la kifalme lililojengwa mwaka 1883, ilipoporomoka na kuua watu wakati ukarabati ukiendelea.