Jeni za Mama na Kinga ya Mji wa Mimba
Kondo la nyuma hubeba jeni za baba pia, na kinga ya mama, kinyume cha dhana iliyozoeleka, haitakiwi kuunyamazia ugeni huo bali kuutambua kwa kiasi. Kazi hiyo hufanywa na seli za kinga ziitwazo NK, ambazo baadhi ya vipokezi vyake, yaani protini za kupokea ishara, hutokana na jeni za KIR alizorithi mama. Vipokezi hivyo vikikutana na protini ya HLA-C ya kondo na kuzizuia mno seli hizo, mishipa ya damu ya mji wa mimba haipanuki vya kutosha, na hatari ya shinikizo la damu linaloweza kuishia kwenye kifafa cha mimba huongezeka. Utafiti wa Kampala uliochapishwa mwaka 2015, ukiongozwa na Annettee Nakimuli wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulibaini kwa wanawake wa Uganda mpangilio wa jeni za KIR unaopunguza hatari hiyo, ambao Wazungu hawana.