Tumbo la Chini Lisilojieleza

Mwaka 2003 Mkoa wa Ruvuma ulikuwa wa kwanza nchini kupata Maduka ya Dawa Muhimu, yale yenye muuzaji aliyepitia mafunzo, ambayo baadaye yalienea mikoani na kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi. Kwa hiyo mkazi wa Ruhuwiko, kata ya Songea ambayo wageni wengi huijua kwa uwanja wa ndege, akiumwa chini ya kitovu hana haja ya kwenda mbali. Anavuka barabara, anaeleza kwamba tumbo la chini linavuta na mkojo unachoma kidogo, anaambiwa ni UTI, anarudi na vidonge. Wiki mbili zikipita bila nafuu anaambiwa basi ni taifodi. Mama mkwe naye anasema ni chango. Akiwa mwanamume, wazee watamwambia ni ngiri.

UTI, taifodi, chango, ngiri: majina yote hayo yanafanya kazi moja, yanamaliza maswali. Sisemi kwamba UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, hayapo. Yapo, na ni mengi. Tatizo ni kulipa jina tumbo kabla ya kulihoji.

Na tumbo likihojiwa bila utaratibu hudanganya. Ukichomwa na mwiba unajua ni kidole gani, lakini neva za viungo vya ndani ni chache na zinaingia kwenye uti wa mgongo kwa njia inayotumiwa pia na neva za ngozi, kwa hiyo ubongo unakisia tu habari imetoka wapi. Kidole tumbo kikianza kuvimba, mgonjwa hushika kitovu. Saa kadhaa baadaye, uvimbe ukigusa utando unaotanda ndani ya ukuta wa tumbo, ndipo maumivu yanapohamia chini kulia, pale alipopaelezea daktari Mmarekani Charles McBurney mwaka 1889. Jiwe lililokwama kwenye mrija wa mkojo huumiza ubavuni kisha maumivu yakashuka hadi kinenani. Kijana ambaye korodani yake imejinyonga anaweza kulalamikia tumbo peke yake, kwa kuwa huko kwingine anaona haya kukutaja. Asipovuliwa suruali na kuangaliwa, saa sita hivi zinatosha korodani kuanza kufa.

Ndiyo sababu tabibu mzuri huanza na maswali ambayo mgonjwa huyaona hayahusiki.

"Dada, mara ya mwisho kuziona siku zako ni lini?"

"Mwezi huu niliziona, daktari. Ila zilikuwa matone tu, na zilichelewa."

"Na bega, linauma?"

Swali la bega si la kupoteza muda. Mimba ikitunga kwenye mrija badala ya kwenye mji wa mimba, na mrija ukapasuka, damu humwagika tumboni. Mgonjwa akilala, damu hiyo hufika chini ya kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na neva ya kiwambo hicho inatoka shingoni, jirani na neva za bega. Mwanamke anaumwa bega kwa sababu ya kilichotokea nyongani. Yale matone aliyoyahesabu kuwa hedhi nayo yanaweza kuwa dalili ya mimba hiyo hiyo. Kwa hiyo kwa kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, kipimo cha mimba kinatangulia vipimo vingine vyote, hata kama ameapa kwamba hana mimba. Ni kijikaratasi cha kuchovya kwenye mkojo, majibu dakika chache. Sioni udhuru wa kukiruka.

Mkojo huo huo una mengi ya kusema ukichukuliwa vizuri: ule wa katikati, baada ya kujisafisha, si ule wa mwanzo uliopita na uchafu wa nje. Chembe nyeupe peke yake hazithibitishi UTI. Kuotesha mkojo maabara kunaonyesha ni bakteria gani na dawa gani inamweza, lakini aliyekwisha kunywa vidonge nusu dozi mara nyingi hutoa mkojo usiootesha chochote, na hapo ushahidi umefutwa. Kipimo cha Widal, kinachotumiwa sana kutangaza taifodi, kimekuwepo tangu 1896 na kinatafuta kingamwili, si mdudu mwenyewe. Utafiti uliofanywa kwa watoto waliolazwa Muheza, Tanga, na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba wengi wa waliotoka chanya hawakuthibitishwa kuwa na taifodi damu yao ilipooteshwa.

Halafu kuna ultrasaundi, ambayo siku hizi wagonjwa huiomba wenyewe. Historia yake inahusu tumbo tangu mwanzo. Katika miaka ya 1950 huko Glasgow, daktari Ian Donald alikwenda kwenye kiwanda cha matangi ya mvuke, ambako mawimbi ya sauti yalitumika kutafuta nyufa kwenye chuma, akiwa amebeba vivimbe alivyowatoa wagonjwa. Baadaye alimpima mwanamke aliyedhaniwa ana saratani isiyotibika; mashine ikaonyesha uvimbe wa maji wa ovari, akapasuliwa, akapona. Makala ya Donald na wenzake ilitoka mwaka 1958. Lakini mashine hiyo ina mipaka yake. Endometriosisi, yaani tishu kama za ukuta wa ndani wa mji wa mimba kuota nje yake, mara nyingi haionekani kwa ultrasaundi ya kawaida. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani inampata karibu mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Picha safi haina maana kwamba mama anajidekeza.

Katika mkoa kama Ruvuma ningeongeza swali moja: umeoga au kulima kwenye maji gani? Kichocho cha mkojo huenezwa na konokono wa maji yaliyotulia. Mayai yake hayaishii kwenye kibofu. Hunasa pia kwenye shingo ya kizazi na mirija, yakaleta maumivu, uchafu ukeni na damu baada ya tendo la ndoa. Mgonjwa hutibiwa magonjwa ya zinaa mara tatu, mumewe anatazamwa kwa jicho baya, na mayai yapo pale pale. Mkojo wa kuyatafuta huchukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati yanapotoka kwa wingi. Dawa ni prazikwanteli, ile ile wanayogawiwa wanafunzi shuleni, ambayo huua minyoo ingawa makovu ya zamani huenda yakabaki.

Wapo ambao vipimo vyote, hadi vya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au ya Peramiho, vinatoka safi. Kwa hao kuna jaribio lisilogharimu hata senti, alilolieleza daktari wa upasuaji John Carnett wa Philadelphia mwaka 1926. Mgonjwa analala chali, daktari anabonyeza panapouma na kumwambia ainue kichwa na mabega bila kujiegemeza kwa mikono. Misuli ya tumbo inakaza na kukinga viungo vya ndani. Maumivu yakipungua, chanzo kinaelekea kuwa ndani. Yakibaki au yakizidi, tatizo huenda liko kwenye ukuta wenyewe wa tumbo, mara nyingi neva ndogo iliyobanwa kwenye msuli, wakati mwingine pembeni ya kovu la upasuaji wa zamani. Sindano ya ganzi ikichomwa kwenye nukta hiyo, maumivu ya miezi mingi yanaweza kutulia mgonjwa akiwa bado kitandani, na hapo chanzo kimejulikana bila picha yoyote.