Kwa Nini Barua Pepe Njema Huhesabiwa kuwa Barua Taka

Tuchukulie kwamba mfanyabiashara wa mbao wa Makambako ameomba zabuni kwa kampuni inayofanya kazi Liganga, wilayani Ludewa; au kwamba mkulima wa parachichi wa Njombe amempelekea mnunuzi wa ng'ambo bei zake. Barua pepe imeandikwa kwa adabu, imetumwa kabla ya siku ya mwisho, wala kompyuta haikuonyesha kosa lolote. Hata hivyo haikusomwa, kwa kuwa iliangukia katika kisanduku cha barua taka. Biashara imepotea bila mtu yeyote kumkataa mwombaji. Katika sura hii tunaeleza jambo hilo hutokeaje, na mtumiaji afanye nini.

Chujio hutazama nini

Kila seva inayotuma barua kwenye intaneti hutambulika kwa namba, yaani anwani ya IP. Namba hizi hugawanywa kwa mafungu. Kwa Afrika, mgawaji ni AFRINIC, yenye makao yake Morisi. Watoa huduma hupata mafungu yao kutoka huko, kisha huwapa wateja. Kwa hiyo seva inayopokea hujua barua imetoka katika fungu gani kabla haijasoma neno hata moja.

Hapo huilinganisha namba hiyo na orodha za namba zilizowahi kutoa barua taka. Miongoni mwa wanaotunza orodha hizo ni Spamhaus, iliyoanzishwa London mwaka 1998. Chujio huangalia pia kama wapokeaji wamelalamika, kama barua nyingi zimepelekwa kwa anwani zisizokuwapo, na kama wingi wa barua umeongezeka ghafla. Hayo yote kwa pamoja ndiyo sifa ya mtumaji.

Asiye na kosa huingiaje

Namba za IP za mfumo wa zamani, ambao bado unatumika sana, ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, nazo hazitoshi. Hivyo wateja wengi hutumia namba moja kwa pamoja, na namba uliyopewa leo huenda jana ilikuwa ya mwingine. Vivyo hivyo, seva moja ya kukodi huweza kubeba barua za kampuni nyingi. Kompyuta moja yenye virusi ikianza kumwaga barua taka, wote wanaotumia namba ile huhukumiwa pamoja. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Ni vyema kutofautisha. Ukiandika kwa Gmail au Yahoo, barua hutoka katika seva za kampuni hizo, na sifa inayopimwa zaidi ni yao, si ya mtandao uliounganishwa nao hapo Njombe. Lakini ukiwa na anwani ya kampuni yako mwenyewe, sifa inayopimwa ni ya seva inayokutumia barua na ya jina la kampuni yako.

La kufanya

1. Barua ikirudishwa, isome. Namba 550 au 554 humaanisha imekataliwa moja kwa moja, na mara nyingi jina la orodha iliyokuzuia limetajwa. Ihifadhi, ni ushahidi wako.

2. Safisha kompyuta za ofisi dhidi ya virusi na ubadilishe nenosiri. Usiombe kuondolewa katika orodha kabla ya kufanya hivyo, kwani utarudishwa humo upesi.

3. Mwombe anayehudumia anwani yako aweke uthibitisho wa SPF, DKIM na DMARC, unaoonyesha kwamba barua imetoka kwako kweli. Tangu Februari 2024, Google huwataka wanaopeleka barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye anwani za Gmail wawe na zote tatu.

4. Mwandikie mtoa huduma wako, ukiambatisha barua iliyorudishwa. Namba ni zake, na ni yeye anayepaswa kushughulika na mwenye orodha. Asipokusaidia, peleka lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

5. Usimlipe mtu anayedai fedha ili akuondoe katika orodha. Spamhaus haitozi malipo kwa kazi hiyo.

6. Usipeleke matangazo kwa watu wasiokuomba. Malalamiko yao yatakudhuru wewe pamoja na wenzako mnaotumia namba moja.

Mwisho, tunasisitiza jambo moja. Barua inayorudishwa hukupa taarifa, bali ile inayotupwa katika kisanduku cha barua taka haikupi taarifa yoyote. Kwa hiyo, ikiwa barua inahusu zabuni, ajira au malipo, itume siku kadhaa kabla ya mwisho, kisha mpigie simu mpokeaji umuulize kama ameiona. Asipoiona, mwombe aitafute katika kisanduku cha barua taka na aiwekee alama kwamba si taka. Alama hiyo nayo huhesabiwa katika sifa yako.