Pikipiki ya kushushwa: pima nyuma mbele ya kupakia jamaa

Mu Kolwezi, jua haliyatoka bado, njia ya Musompo imeisha kujaa pikipiki. Moja imebeba papa anaenda ku kazi, ingine mama na beseni ya biashara, ingine mifuko ya muchanga mbili ao tatu. Kwa jamaa nyingi za wachimbaji, pikipiki njo miguu ya nyumba. Sasa, tunaona vijana wengi wanaomba fundi awashushie pikipiki nyuma. Tulienda kukaa asubuhi moja mu garaji ya Manika, tuone ile kazi inafanywa namna gani, na inaleta nini.

Kijana tuliyemukuta pale ni kreseri. Pikipiki yake ilishushwa mu mwaka uliopita, na hakufanya vile juu ya kujionyesha. Yeye ni mufupi. Mu mvua, alisimama mu matope, muguu haukufika chini, akaanguka pamoja na bibi na mutoto. Hakuna aliyeumia, lakini kesho yake alitoa amortiseri za kwanza, akaweka zingine fupi. Muguu ukafika chini. Ila tangu pale, akipakia bibi yake, pine inakwaruza gardibu kila shimo.

— Papa, unifungie resori kidogo tu, niende.

— Mwana wangu, tupime kwanza. Kufunga bila kupima ni kubahatisha.

Kupima kwenyewe hakuombi mashini. Fundi alisimamisha pikipiki juu ya bekiya ya katikati, pine ya nyuma ikaninginia. Akatia alama ya chaki chini ya kiti, akapima kutoka ekisi ya pine mpaka pale: sentimita 36. Akapima nafasi kati ya pine na gardibu: 7. Kisha akashusha pikipiki, kijana na bibi yake wakapanda, mutu wa tatu akaishika isianguke. Kutoka ekisi mpaka alama ikabakia 30.

Hesabu ni ya mutoto wa shule. Nyuma imeshuka sentimita 6, na nafasi yote ni 7. Imebakia 1 tu ya kupokea mashimo ya njia yetu. Desturi ya mafundi ni hii: watu na muzigo wakiisha kukaa, nyuma ishuke karibu sehemu moja ya tatu ya nafasi yote. Ile ingine ibakie kwa mashimo.

Fundi akatwaa kle ya kingo, akazungusha pete ya chini ya resori. Pikipiki nyingi za hapa ziko na ngazi tano pale. Akapandisha mpaka ngazi ya ine, kuume na kushoto sawasawa, sababu upande mumoja ukizidi, nyuma inapinda. Wakapanda tena. Ikashuka 5. Imebakia 2, bado ni kidogo sana.

Hapa njo neno tunataka kila nyumba isikie. Ile pete haigeuze resori kuwa nguvu, na haiongeze urefu wa amortiseri. Inainua nyuma kidogo tu. Ukiisha kufupisha amortiseri, umeuza nafasi ya mashimo, na pete haiwezi kukurudishia ile nafasi. Na ukiifunga mpaka mwisho, pikipiki inapanda tena: kile ulichotafuta, muguu kufika chini, unaanza kukipoteza.

Fundi akamuambia kijana arudishe zile za kwanza, na ku kiti atoe sentimita 3 ya musi. Kijana alinyamaza. Mawazo yake yalirudi ku matope. Lakini amortiseri za zamani alikuwa angali nazo ku nyumba, akaenda kuzitwaa. Zilipofungwa, pine ikininginia, kipimo kikawa 40, na nafasi 11. Ku ngazi ya ine, pamoja na bibi, ikabakia 36 na nusu: imeshuka 3 na nusu. Sawa kabisa. Kiti kikakatwa. Kijana akakaa, akashusha muguu: vidole vya muguu na nusu ya kanyagio vikafika chini. Bibi yake njo alisema wa kwanza: «Inatosha. Mu matope nitashuka mimi.»

Mwenye atabakia na pikipiki ya kushushwa, aangalie hivi:

— Bekiya ya pembeni inakuwa ndefu kupita, pikipiki inasimama wima na inaanguka na upepo. Ifupishwe kwa fundi wa kusudere.

— Fare inaangalia juu, inapofusha wenzako usiku. Uirudishe chini.

— Sheni ipimwe watu wakiwa juu. Iweze kucheza sentimita 2 ao 3 katikati. Ikikazika, inaweza kukatika.

— Amortiseri yenye kutoka mafuta hairudi kwa kufunga pete. Pikipiki inaruka-ruka kama mupira. Badilisha zote mbili.

— Resori haikatwe, haichomwe moto. Inaweza kuvunjika na muzigo juu.

— Mufuko ukae karibu na kiti. Ukiusukuma nyuma ya ekisi, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na gidoni haikusikilize vizuri.

Na kila mara muzigo ukibadilika, upime tena. Ngazi ya mutu mumoja si ngazi ya mutu na mifuko mbili. Wakati tuliondoka, kijana alikuwa anafunga kle ya kingo na mupira chini ya kiti, ili asiisahau ku nyumba.