Seva iko mbali, lakini kilo ni zetu

Tangu tarehe 30 Aprili 2024 Rubaya iko mikononi mwa M23, na ufuatiliaji halali wa madini umesimama. Siku moja utarudi, na safari hii, wanasema, utarudi na telefone: kila mfuko wa koltani utaandikishwa pale pale kwenye shimo, habari iende kwenye seva ya mbali. Sisi wa sendika hatukatai. Daftari ya karatasi inalowana, inapoteaka, na mtu anaweza kuongeza sifuri. Lakini tuko na swali moja, na wageni hawalipendi: hiyo seva mtaipima na watu wangapi?

Seva ni ordinatere tu, iwe Ulaya ao Afrika Kusini. Kila ombi linakula prosesa, memwari na diski kidogo. Watu 10, hakuna shida. Timu za Bibatama, Luwowo na Gakombe zikiteremka na mifuko saa moja ile ile, maombi yanapanga foleni kama vile sisi kwenye mizani. Mfuko usiokuwa na nambari, negosia hanunui, ao ananunua kwa bei yake. Kilo za mchimbaji zinakwenda hivyo, bila mwizi wa kushika.

Kuna njia ya kujua mbele. Mafundi wanatumia programu inayojifanya watu 100, kiisha 500, kiisha 2.000. Apache JMeter ni moja, na ni ya bure. Lakini kutupa mzigo ni nusu ya kazi. Peke yake programu hiyo inaona tu muda wa jibu, kama mtu anayesimama inje ya shimo. Kwa hiyo wanaweka kiprogramu kingine ndani ya seva, kinachotuma hesabu za prosesa, memwari, diski na rezo wakati mzigo unapanda. Prosesa ikifika 100%, tunajua. Memwari ikipanda na haishuki hata mzigo ukitolewa, programu inavuja. Na seva ikiwa imetulia lakini majibu yanachelewa, waangalie rezo, ao mashini yao wenyewe ya kupimia, maana nayo inachokaka.

Tena wasituletee wastani. Maombi 95 yakijibiwa kwa sekunde 1, na 5 yakingoja sekunde 60, wastani ni karibu sekunde 4, na ripoti itasema vizuri sana. Wale 5 ni baba za watoto.

Wakenya walionja hayo. Mwezi wa Machi 2013 mfumo wa kutuma matokeo ya uchaguzi ulikwama, tume ikarudi kwenye fomu za karatasi zilizobebwa mpaka Nairobi. Mwaka 2022 fomu za vituo zaidi ya 46.000 ziliwekwa mahali kila mtu angeweza kuzisoma. Hata Marekani, nchi ya mashini, mwaka 2013 walifungua HealthCare.gov ingawa jaribio la siku chache mbele lilionyesha kwamba watu mamia tu wanatosha kuiangusha. Siku ya kwanza walioandikishwa mpaka mwisho walikuwa 6.

Kwetu kuna hatari ingine ambayo mtu wa ofisi haifikirie. Rezo ikikatika siku mbili, telefone zote zinaweka habari ndani. Rezo ikirudi, zinasema zote kwa pamoja, na seva inapokea kazi ya siku mbili kwa dakika chache. Jaribio lisilokuwa na saa hiyo halijapima Rubaya. Na lisifanyike kutoka chumba kilicho karibu na seva. Lifanyike na SIM zetu, kwenye vilima vyetu, kwa mifuko mara mbili ya siku yenye kazi mingi.

Delege wa wachimbaji wakae pale, waone michoro ikipanda, wapewe kopi. Na iandikwe kwenye mkataba: seva ikianguka, karatasi yenye saini ya mchimbaji na ya ajenti inahesabika, kwa tarehe ya karatasi, si kwa tarehe seva iliyoamka. Mradi wowote utakaokuja bila kipengele hicho, tutawaambia wanamemba wasiandikishe hata mfuko mmoja.