Nyumba ya Zege Kando ya Ziwa

Leo tutazungumza juu ya ujenzi.

Tuchukue mfano wa mtu wa Kamunyonge, pale Musoma, mwenye kiwanja karibu na Ziwa Viktoria. Amedunduliza fedha zake miaka mingi. Ataka kujenga nyumba ndogo ya zege, aipangishe kwa wageni wanaokuja kupumzika. Je, aanze na nini?

Aanze na kamba ya kupimia. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wengine hunung'unika, maana mgeni hupenda kulala akisikia mawimbi. Lakini waulizeni wazee. Tangu 1961 hata 1964, baada ya mvua kubwa, ziwa lilipanda zaidi ya mita 2. Mwezi wa Mei 2020 likafika karibu kiasi kile kile, na nyumba nyingi za ufukoni katika Uganda na Kenya zikaingia maji. Zege haliyeyuki, ni kweli. Lakini mawimbi huchota mchanga ulio chini ya msingi, kisha nyumba huinama na kupasuka, na fedha za miaka mingi zimekwenda.

Sasa tutazame upepo na jua. Mchana nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji. Hewa iliyo juu ya nchi huwa nyepesi, hupanda, na upepo wa ziwani huja kushika nafasi yake. Musoma uko mashariki ya ziwa. Basi upepo huo mara nyingi hutoka magharibi. Na jua la alasiri hutoka huko huko! Hapo ndipo penye kazi. Mgeni ataka dirisha kubwa alitazame ziwa, lakini nyuma ya kioo kitupu saa kumi ataiva kama mkate. Tena zege hunywa joto mchana na kulitoa polepole usiku, hata ukuta huwa na moto saa ya kulala.

Kwa hiyo weka baraza pana upande wa magharibi, na paa litokeze mbele. Mahali pengine jenga kwa matofali yenye matundu: upepo hupita, jua huzuiwa. Upande wa pili weka madirisha ili hewa ipate pa kutokea. Usisahau wavu, maana vijidudu vya ziwani huja kama moshi. Paa tambarare la zege hupendeza katika picha; mimi ningechagua paa lenye mwinamo, lisituamishe maji.

Katika kuchanganya, wengi hutumia ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto. Maji yasizidi, zege lisiwe kama uji. Nondo zifunikwe vizuri zisipate kutu. Huko Unguja hewa ya chumvi huzila nondo upesi. Ninyi wa ziwani mna nafuu, maji yenu ni baridi. Kisha mwagilia zege siku 7, kwani likikauka haraka juani hukosa nguvu.

Chukueni daftari. Fundi ana ndoo 6 za saruji. Atahitaji ndoo ngapi za mchanga, na ngapi za kokoto?